Chai ya Kuzuia Nyayo

Neno "jungle" halikuzaliwa Uingereza. Waingereza walilichukua India, kwenye Kihindi, ambako hutamkwa jangal, na Kihindi kililirithi kutoka Sanskriti: jangala. Sasa sikiliza. Katika Sanskriti ya kale, jangala haukuwa msitu mnene unaokudondoshea maji shingoni. Ilikuwa nchi kavu, yenye miti ya kuhesabika, nyasi fupi, swala na upepo. Msomi Mfaransa Francis Zimmermann aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kikatoka mwaka 1982, akieleza jinsi matabibu wa India ya kale walivyoiona nchi hiyo kavu kuwa na afya kuliko mabonde yaliyojaa maji. Neno liligeuka baadaye, polepole. Likahamia kwenye pori lisilolimwa, kisha kwenye vichaka, kisha msituni, na kufikia leo limelowa chapachapa.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana mimi ni wa Isiolo, Bulla Pesa. Kwa maana ile ya kale, jangala ni kwetu: migunga, vumbi, swala twiga amesimama kwa miguu miwili akitafuna majani ya juu. Wanaoenda kutafuta jangala kwenye milima ya chai huko Meru wangeteremka mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu, wangeikuta yenyewe, na hawangelowa hata soksi.

Najua maneno huhama, na hakuna anayelazimika kuomba Sanskriti ruhusa kabla ya kupiga picha. Lakini nimesoma simulizi nyingi za haiki kwenye nchi ya chai, zikiwemo nyingine za watu ninaowapenda, na nimechoka. Zote zina mifupa ile ile. Kundi linaondoka Nairobi saa kumi alfajiri. Mtu amechelewa, anatukanwa kwa upendo. Kunakucha barabarani. Halafu ukungu, halafu "zulia la kijani", halafu mwelekezi mwenye tabasamu asiyepewa hata nafasi ya kumaliza sentensi. Halafu matope, mtu anaanguka, kicheko. Maporomoko ya maji. Chakula kwenye vyombo vya plastiki. Mwisho, aya moja kuhusu jinsi mwandishi "alivyojipata".

Lile zulia ndilo linaloniudhi zaidi. Zulia ni kitu kinachotandikwa ili ukanyage. Ukishaiita chai zulia umeshaamua kwamba hakuna mtu ndani yake, au kama yupo, amekaa hapo kama ua la pambo. Na ukiita msitu ulio nyuma yake jangala, umeshaamua kwamba huo hauna mwenyewe wala historia. Katika maneno mawili tu umeshafagia watu wote mlimani, na hapo bado hujafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo nilipanda kwenda kusoma mahali penyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, na tangu hapo nimekuwa nikisoma hivi: kitabu mkononi, na ikiwezekana miguu kwenye udongo kinaouzungumzia. Nilichagua upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu ya Nkubu, kwa sababu ndio ulio karibu na kwetu na kwa sababu mlima huo una vitabu. Isiolo iko kwenye kimo cha mita 1,100 hivi. Ukifika kwenye chai umepanda karibu kilomita nzima kwenda juu, na mwili unajua hata kabla macho hayajajua: midomo inaacha kukauka.

Kitu cha kwanza kinachovunja ile habari ya zulia ni sauti. Chai haiko kimya. Wachumaji wanapiga gumzo toka mstari hadi mstari, redio ya mtu imening'inizwa kwenye kikapu, na chini ya yote hayo kuna ule mkatiko mdogo wa majani, tk tk tk, mikono miwili ikifanya kazi kila mmoja kivyake. Wanachuma majani mawili na chipukizi, basi. Ukichuma zaidi, karani atakurudishia. Wengine hulaza fito juu ya kichaka ili kila kinachochomoza juu yake kichumwe na meza ibaki sawa. Huo usawa ambao picha zinausifu, kana kwamba Mungu alipitisha pasi, ni kazi ya fito na viganja, wiki baada ya wiki. Inachukua kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Wachumaji huvaa gambuti na aproni ya nailoni kwa sababu vichaka asubuhi vina umande wa kulowesha mtu hadi kiunoni. Mwelekezi wangu, mzee mmoja wa hapo, alitazama raba zangu za mtumba akasema, "Kijana, hizo ni za lami." Nikamjibu, "Nimeona, mzee." Hakusema zaidi, wala hakuhitaji.

Sehemu kubwa ya chai unayopita hapo ni mashamba madogo ya watu, ekari moja, nusu ekari, nyumba katikati na ng'ombe kando. Wakulima wa namna hii nchini, wale wanaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, ni zaidi ya 600,000. Kisha, ukikaribia msitu, nyumba zinakwisha ghafla na chai inaendelea. Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo.

Ukanda huo una jina: Nyayo Tea Zone. Mwaka 1986, enzi za Moi, serikali ilianza kupanda chai pembeni mwa misitu ya milima, utepe wenye upana wa mita mia moja hivi, ili watu wasiendelee kusogeza mashamba ndani. Chai kama ua. Neno Nyayo lilikuwa wimbo wa taifa wa pili wakati huo. Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 alisema atafuata nyayo za Kenyatta, na tangu hapo kukawa na mabasi ya Nyayo, uwanja wa Nyayo, maziwa ya Nyayo, hata gari la Nyayo ambalo halikufika mbali. Lakini hii ya chai ndiyo inayonishangaza. Ni ukanda uliopewa jina la alama za miguu, na kazi yake ni kuzuia miguu. Kama mshairi angeitunga hiyo mhariri angemwambia ameizidisha. Na simulizi za haiki, ambazo hazizungumzii kingine ila miguu, zinaupita ukanda huu bila kuuliza unaitwaje. Wanapiga picha hapo hapo. Ndipo mahali pazuri kwa picha, chai mbele na ukuta wa miti nyuma, na ule mstari ulionyooka kati ya vitu viwili unaonekana kama maumbile. Ni amri ya serikali ile.

Sisemi ukanda ni mbaya. Ninaishi chini ya mlima. Maji yakikosa juu, kwetu tunayasikia kwanza, kwenye mto Isiolo na kwenye Ewaso Ng'iro. Msitu ukifyekwa, mimi ndiye nitakayebeba mtungi. Nasema tu kwamba mwandishi anayetembea kwenye mpaka bila kuona mpaka hajatembea bado. Amebebwa.

Ndani ya msitu kulikuwa na giza la mchana na harufu ya udongo uliolala, mbega akiruka juu na kumwaga umande wote kwenye mgongo wangu. Nitapita haraka hapa, msitu umeshaelezwa na wengi. Mti mmoja tu. Mzee alinionyesha muuru, akanigongea gome lake. Waingereza waliuita mwaloni wa Meru, kwa sababu mbao zake ziliwakumbusha za kwao. Si mwaloni hata kidogo. Wataalamu wa mimea wanauweka kwenye ukoo mmoja na mnanaa, ule wa kutia kwenye chai. Nikamwambia mzee, akacheka kwa muda, akasema, "Basi tuutie kwenye sufuria."

Sasa vitabu.

Msitu wa Mlima Kenya una kitabu kimoja maarufu cha kutembea, na ni kizuri, acha niseme hivyo mapema ili nisionekane mchungu. Kiliandikwa na Mwitaliano Felice Benuzzi, kikatoka kwa Kitaliano mwaka 1947 na baadaye kwa Kiingereza kwa jina No Picnic on Mount Kenya. Benuzzi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia huko Ethiopia. Waingereza walipoiteka alifungwa, akaishia Kambi 354 Nanyuki, mlima ukiwa mbele ya seng'enge. Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini. Hawakutoroka ili kwenda nyumbani, nyumbani kulikuwa mbali mno. Walitoroka ili kupanda mlima, halafu warudi kujisalimisha. Walijitengenezea vifaa: mashoka ya barafu kutokana na nyundo, kamba kutokana na katani ya vitanda, meno ya viatu kutokana na mabati ya kuokota. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea, kati ya vitu vingine, picha ya mlima iliyochapwa kwenye kopo la nyama. Barsotti aliugua, akabaki. Wawili walijaribu Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana na kusimika bendera. Wakarudi kambini baada ya siku kumi na nane, wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia saba tu kwa sababu mkuu wa kambi alivutiwa na ujasiri wao.

Ukikisoma utaona sehemu bora si ya barafu. Ni ile ya kambini, wanapoiba vyuma na kuficha biskuti, na uchovu wa mtu ambaye siku zake zote zinafanana. Benuzzi anajua kitu ambacho simulizi zetu za Jumamosi hazijui: mtu hutamani mlima kwa kiasi cha ukuta uliomzunguka. Anajiandaa miezi, kwa hiyo kila kitu kwenye begi kina uzito na historia. Njaa yake ni njaa. Ucheshi wake haujikamui.

Lakini msitu wake una wanyama kuliko watu. Tembo, chui, kifaru, mto Nanyuki ukinguruma. Mwafrika katika hatua za mwanzo ni hatari ya kuonekana, mtu anayeweza kupiga ripoti, na baada ya hapo mlima unabaki mtupu, wa Wazungu na mawe. Namwelewa, alikuwa mtoro, alihitaji watu wasiwepo. Tatizo ni kwamba utupu huo aliouhitaji yeye kwa siku kumi na nane umekuwa mtindo wa kila anayeandika baada yake, hata Mkenya aliyelipa ada getini na hafukuzwi na mtu.

Na mtindo ni wa zamani kuliko yeye. Msafara wa Halford Mackinder, uliofika kilele cha Batian mwaka 1899, ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waelekezi wawili Wamaasai. Vilele vikapewa majina ya malaibon wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Wale 66 waliokuwa wakizungumza lugha hii ninayoiandika, wakibeba mahema vichwani, hawakupata hata jiwe.

Kitabu cha kusoma sambamba na cha Benuzzi ni "Mau Mau" General cha Waruhiu Itote, Jenerali China, kilichotoka mwaka 1967. Mlima ule ule, msitu ule ule, miaka kumi baadaye. Ningependa viuzwe vikiwa vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Itote naye alikuwa na habari ya jangala, na aliipata pahali pasipo Kenya: wakati wa Vita vya Pili alipelekwa Burma na jeshi la KAR, akajifunza vita vya msituni akipigania mfalme wa Uingereza. Anasimulia huko jinsi askari Mwingereza alivyomuuliza yeye anapigania nini hasa, na swali hilo likamkaa kama mwiba. Kwa hiyo neno lile lililotoka India likiwa kavu lilimrudia Mkenya kupitia Burma likiwa na bunduki. Wakati Benuzzi anakwea kwa ajili ya heshima yake, Itote ni askari wa wale wale waliomfunga Benuzzi. Wakati Itote anaingia msituni kupigana, Benuzzi ameshakuwa mwandishi.

Kama nathari, cha Itote kina mikono mizito zaidi. Kinaeleza pale unapotaka kionyeshe, kina kurasa zinazosomeka kama taarifa ya mkutano. Sitajifanya hapana. Hakuna sentensi ya mandhari iliyonibakia kichwani humo. Lakini hebu fikiria msitu ambao ndani yake kuvunja kijiti ni kosa, moshi ni kosa, njia inayoonekana ni kosa. Mtu huyo hana nafasi ya kuutazama msitu kama picha, maana yeye ndiye anayetazamwa. Kutembea kwake ni kuficha kutembea. Baada ya kukisoma, kila njia nyeupe iliyokanyagwa na viatu vya wageni ilianza kuonekana kwangu kama kitu cha ajabu, anasa ya kuacha alama bila woga.

Itote alikamatwa akiwa amejeruhiwa, Januari 1954. Weka mwaka huo akilini, maana ndio ule ule wa Mpango wa Swynnerton, ambao serikali ya kikoloni ilitumia kupanga upya ardhi ya Waafrika, kuwapa hati na kuwaruhusu kwa wingi kulima mazao ya biashara yaliyokuwa yamewekewa vikwazo, chai ikiwa mojawapo. Kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo, Ragati kule Nyeri, kilifunguliwa mwaka 1957. Kwa maneno mengine, chai ya mlima huu ilipandwa vita vikiendelea, na ilipandwa ikiwa sehemu ya jibu la vita hivyo: mtu mwenye shamba na hati na kilo za kupeleka kiwandani hataingia msituni. Miaka thelathini baadaye ukaja ule ukanda wa Nyayo. Mara mbili chai imesimamishwa mbele ya msitu kama askari wa zamu. Zulia, mnasema.

Nilimuuliza mzee kama wageni huwa wanataka kuonyeshwa mahali wapiganaji walipojificha. Upande huu wa Meru ulikuwa na wake, Baimungi M'Marete akiwa mmoja wao, aliyebaki msituni hata baada ya uhuru na kuuawa mwaka 1965. Mzee aliniangalia. "Wanauliza saa ngapi tutafika kwenye maji," akasema.

Hapa nitaongea kama mtu wa Isiolo, na mkiona nimepanda sauti mnivumilie. Kwa ukoloni mzima, kutoka kwetu kwenda kwenye chai hakukuwa matembezi. Kulikuwa na sheria ya 1902 ya wilaya za nje, ikafuatwa na ya 1934 ya wilaya maalum. Kaskazini yote ilifungwa, huingii wala hutoki bila kibali, na Isiolo ndiyo ilikuwa mlango. Wazee wa mtaani kwetu bado wakipanda kwenda Meru wanasema wanaenda "chini Kenya", ingawa ni kupanda, kana kwamba wanavuka mpaka. Ulimwengu wa vitabu nao umetujua kupitia simba jike: George Adamson alikuwa msimamizi wa wanyama akikaa Isiolo, na Joy akaandika Born Free, 1960. Elsa ana kurasa nyingi kuliko mji mzima.

Uhuru haukulifuta jambo hilo, ulilipa lugha mpya. Sessional Paper Namba 10 ya mwaka 1965 ilisema fedha za maendeleo ziende pale zitakapozalisha zaidi, na ikataja sifa za mahali hapo: udongo mzuri, mvua, barabara, watu walio tayari. Yaani kijani. Serikali ilisoma nchi kama mpiga picha anavyosoma fremu. Kijani ni mali, hudhurungi ni utupu. Ndiyo maana sikubali tuambiwe kwamba maneno ya simulizi ya haiki ni maneno tu. Macho yale yale yanayoona zulia kule juu yanaona "hakuna kitu" huku chini, na bajeti huandikwa kwa macho hayo.

Tembo wameshinda hapa, kwa njia. Wao wana njia ya chini kwa chini, handaki lililojengwa chini ya barabara kuu kati ya Nanyuki na Meru, na tangu mwanzoni mwa 2011 wanapita kutoka msitu wa Mlima Kenya kwenda Ngare Ndare na Lewa na kuendelea kuelekea nyika zetu. Hawaulizwi kitambulisho. Sina wivu. Kidogo tu.

Kuna wanaoandika chai vizuri siku hizi, ila wengi si waandishi wa haiki. Ni waandishi wa habari. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi kuhusu unyanyasaji wa kingono kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na tangu niutazame siwezi tena kuangalia mistari iliyonyooka bila kufikiria jinsi mtu anavyoweza kufichwa na kitu kinachomfikia kiunoni tu. Mei mwaka huo huo, huko huko Kericho, watu walichoma mashine za kuchuma chai. Hizi ni habari za nchi nyingine kidogo, mashamba ya makampuni, si nusu ekari za Nkubu. Lakini angalau ndani yake mchumaji ana sauti na ana shida, si kofia nyekundu ya kuchangamsha picha.

Ninachokitaka ni kidogo. Nataka simulizi ya haiki iandikwe na mtu aliyewahi kubeba kitu cha mwingine. Au iandikwe na mzee yule, kuhusu sisi: namna tunavyohema, namna tunavyomwita "boss" tukichoka na "wewe" tukipumzika, namna tunavyouliza mtandao kabla ya jina la mti. Nilimwambia hivyo. Akasema kuandika ni kazi ya waliokaa, yeye ana ng'ombe.

Tulitoka msituni saa tisa, tukapita ua wa umeme, tukaushuka ukanda wa Nyayo na kuingia tena kwenye mashamba ya watu, raba zangu zikiwa mabonge mawili ya udongo mwekundu. Kwenye kituo cha kupimia chai foleni ilikuwa imeshajikunja kona mbili. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alinitazama juu mpaka chini, mikono mitupu, mfuko mdogo wa maji mgongoni.

"Kijana, umetembea mlima mzima na hukubeba kitu?"

"Sikubeba, mama."

"Na ulilipa?"

"Nililipa."

Akamwambia jirani yake kitu kwa Kimeru, foleni ikacheka, hata karani. Kisha zamu yake ikafika, akatundika mfuko kwenye mizani. Kilo kumi na saba. Alisoma risiti mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani, akaondoka kuteremka kabla sijamuuliza jina la njia.